Kelele za Nyuma ya Wimbo

Jumapili, 3 Machi 2024

Leo inatimia miaka arobaini na moja tangu niondoke kwetu nikaja huku ng'ambo. Sikumwambia mtu. Binti yangu alikuja mchana, akafungua madirisha, akalalamikia vumbi, akaikuta kompyuta inaimba.

Huyu nani tena, Baba?

Nikamwambia ni Binti Kinanda. Ni mwalimu wa muziki katika mtaa wetu wa zamani. Hurekodi nyimbo zake jikoni, maana ndiko kwenye mlango unaofungika. Mimi na wengine wachache, tuliotawanyika huku na huko, tunamchangia kila mwezi kupitia mtandao, naye hutusikilizisha wimbo kabla hajauachia watu wote.

Nyimbo ziko bure kila mahali, akasema. Wewe unalipia hewa.

Anazijua pia habari za Bwana Kimya. Huyo ni mtu mmoja tu, hana kampuni wala bosi, ametengeneza programu ya kusafisha rekodi za zamani. Programu inaitwa Kimya, na mwenyewe tukambandika jina hilo hilo, ingawa barua zake kwa wachangiaji ni ndefu kama foleni ya benki. Naye namchangia.

"Yaani mmoja unamlipa apige kelele, mwingine unamlipa aziondoe," akasema binti yangu. "Si uwakutanishe tu, wamalizane?"

Nilicheka. Jibu lenyewe sikumpa. Kampuni kubwa ikinikosa haitajua. Hawa wawili, nikikaa kimya wiki mbili tu, wananiuliza kama naumwa. Tena kuna jingine. Mdogo wangu alipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, ujana wake wote, na alikuwa anapiga kweli, lakini wasikilizaji wake tulikuwa sisi wa nyumbani, na kazi yetu ilikuwa kumwambia apunguze. Mwishowe akaiacha. Leo kungekuwa na mtu wa mbali, asiyemjua, wa kumwambia: endelea.

Lakini ningeanza kumwambia hayo ingekuwa hotuba. Nikammiminia chai.

Jumamosi, 9 Machi

Barua ya Binti Kinanda kwa wachangiaji. Anatafuta rekodi za zamani za mtaa ule — za majumbani, si za studio. Anataka kuziweka chini ya sauti yake, atoe albamu nzima. Mwenye chochote alete!

Mimi ninacho. Kanda moja, imo ndani ya soksi, ndani ya kiatu ambacho sikivai. Nilirekodi wiki ile ya mwisho, sebuleni, mdogo wangu akipiga. Mama naye yumo, katikati ya wimbo. Picha zake tunazo, mdogo wangu anazo zake na mimi zangu. Sauti yake haiko mahali pengine popote duniani ila humo. Nilikuwa huku alipofariki. Mdogo wangu ndiye aliyebaki naye, akamuuguza, akamzika.

Tatizo ni mashine. Sina cha kuchezea kanda.

Jumanne, 12 Machi

Mama wa ghorofa ya chini ana redio kaseti, ameitunza kama yai. Akanikabidhi kwa masharti yote: nisiiweke karibu na maji, nisiiweke karibu na hita, nisiiweke karibu na mjukuu wangu.

Nikaiunganisha na kompyuta kwa waya, kama Bwana Kimya alivyoelekeza. Nikabonyeza.

Mvumo kwanza. Kisha kiti kinaburutwa. Mdogo wangu anakohoa, anasema, "Tayari?" Ana sauti ya miaka ishirini na tisa! Halafu kodiani. Mbwa wa jirani. Mlango. Mtu barabarani anamwita mtu. Halafu mama anaingia na kusema maneno yake.

Nikazima. Nikanywa maji. Nikawasha tena mpaka mwisho, kompyuta ikanakili yote.

Wakati wa kuirudisha nyuma mashine ikaila kanda. Utepe ukatoka kama tambi, ukakatika vipande. Nilishtuka, lakini si sana. Nakala ipo ndani ya kompyuta, nzima. Mama wa chini alisikitika kuliko mimi — kwa ajili ya redio yake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefanya kazi! Sijafanya kazi namna hii tangu nistaafu.

Kimya inakuonyesha sauti kama picha. Kodiani ni mistari myekundu iliyolala, mvumo ni ukungu, mbwa ni madoa. Unachukua kifutio, unapitisha juu ya doa, unasikiliza. Mbwa hayupo. Unapitisha tena. Mlango haupo.

Miaka mingi nilisahihisha kurasa kiwandani kwa wachapaji, na mkono haukusahau. Nilianza na vidogo: mvumo, kikohozi, kiti. Nikaenda mstari kwa mstari kutoka kushoto. Sikula mchana. Kuna ugonjwa wa kazi ile, sote tulikuwa nao: ukishausoma ukurasa mara nyingi huoni tena maneno, unaona uchafu tu. Kufikia alasiri ukurasa ulikuwa mweupe, umebaki na mistari myekundu peke yake. Kodiani kama imepigwa leo asubuhi, chumbani hamna mtu.

Nilipohifadhi, programu ikaniuliza: je, nakala ya awali ibaki? Hapana. Ikauliza tena kama nina uhakika. Ninao. Kiwandani sheria ilikuwa moja: ukurasa uliosahihishwa ukishapita, ule mchafu unachanwa hapo hapo mbele ya msimamizi, fundi wa mitambo asije akauchukua kwa bahati mbaya. Niliwahi kuona kitabu kizima kikichapwa kutoka kwenye kurasa chafu. Mtu alilia. Basi nikafuta, nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta.

Nimemtumia Binti Kinanda. Nimeandika kwa majivuno kidogo: safi, tayari kwa matumizi.

Ijumaa, 22 Machi

Binti Kinanda ameandika.

Amefurahi. Amesema kodiani ile imemfanya aache kupika akae chini. Kisha akaenda nyumbani kwa mdogo wangu — nyumba ile ile — akamsikilizisha. Macho ya mdogo wangu sasa hayaoni vizuri, anatambua watu kwa hatua zao. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vinacheza juu ya goti. Wimbo ulipoisha akauliza: mama kaenda wapi?

"Babu," ameniandikia, "anasema kuna mahali mama yenu anaingia na kusema kitu. Anasema kodiani haitaki, aliipiga mwenyewe, anaijua. Anataka pale tu. Amekaa muda mrefu hajamsikia. Tafadhali nitumie ile isiyosafishwa."

Nikasikiliza wimbo wangu safi. Nikafika pale. Kodiani inapita moja kwa moja, laini, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kufungua ule mlango.

Nikasimama katikati ya chumba sijui niende wapi.

Jumatatu, 25 Machi

Nilimwandikia Bwana Kimya usiku wa Ijumaa, leo asubuhi akapiga simu. Mara yangu ya kwanza kumsikia. Mtu mzima, mafua yamemshika, nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma.

Akaingia ndani ya kompyuta yangu kutoka huko aliko. Niliona mshale unatembea wenyewe, unafungua makabati ambayo sikujua kama ninayo. Alitafuta mpaka adhuhuri. Vipande vya barua za zamani akaviona, na picha za harusi ya binti yangu. Kanda, hakuna.

Mzee, akasema, programu ilikuuliza.

Iliniuliza.

Mara mbili.

Mara mbili.

Ile mashine ikaendelea kunguruma. Kisha akasema kosa ni lake: mtu akiuliza swali la namna hiyo ajue atajibiwa. Toleo lijalo halitauliza kitu. Litaficha nakala ya awali mahali ambapo hata mtumiaji mkaidi hafiki.

"Wachangiaji watalalamika inajaza kompyuta zao," akasema.

Nikamwambia, waambie mkaidi mwenyewe ndiye aliyeomba.

Alitaka nisimchangie mwezi huu. Nilikataa kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Yeye hakufuta chochote.

Ule utepe nao nilishautupa siku ile ile, pamoja na maganda. Nimeulizia kwa mama wa chini, akanitazama kwa huruma. Taka hubebwa Alhamisi.

Jumatano, 27 Machi

Binti yangu amekuja na supu na maswali. Nimemweleza. Hakunikaripia, na hilo limenichoma zaidi. Alikaa kwenye mkono wa kiti changu kama zamani.

Bibi alisema nini kwenye ile kanda?

Nikasema sikumbuki.

Akaniambia, "Wewe? Unayekumbuka makosa ya vitabu vya watu?"

Nikasema supu inapoa.

Jumapili, 31 Machi

Nimezungumza na mdogo wangu. Binti Kinanda alimpelekea simu na kumshikia. Kwa kawaida tunapigiana sikukuu kwa sikukuu, hujambo sijambo, watoto wazima, basi. Leo ilikuwa mazungumzo.

"Kaka. Eti umemfuta?"

"Nimemfuta."

"Pamoja na yule mbwa?"

"Pamoja na mbwa."

"Mbwa sina neno naye. Aliniuma." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamsikia Binti Kinanda akimpa maji. Kisha akasema taratibu: "Nilidhani kuna siku utaniletea. Miaka yote hii nilijua unayo. Nilikuwa nasema moyoni, mama yuko kwa kaka, hajambo."

Nikasema, nisamehe.

"Nimesamehe. Sasa niambie alichosema. Mimi nilikuwa napiga, kodiani iko sikioni, nilimwona mdomo tu. Nadhani aliniambia nipunguze, watu wamelala."

"Labda."

"Labda nini? Wewe ulikuwa umekaa na redio, yeye amesimama nyuma yako. Ulikuwepo, kaka!"

Nikasema simu haisikiki vizuri.

"Simu inasikika. Ni wewe unayemeza maneno. Basi njoo. Njoo uniambie hapa hapa sebuleni. Chumba chako tumeweka magunia, tutayatoa. Siku hizi hakuna anayemuuliza mtu kitu uwanja wa ndege, wenzako wote wanakuja na kurudi."

Binti Kinanda akachukua simu. Amelibuni jambo lake mwenyewe. Ataacha pengo pale katikati ya wimbo, kodiani ishuke, na mimi niyaseme maneno ya mama kwa sauti yangu. Nirekodi tu, nitume. Albamu inatoka Jumapili ijayo, wachangiaji wanaisubiri. "Itakuwa kama umemrudisha, Babu." Nikikawia atalifunga pengo.

Amesema kwa wema. Ana sauti nzuri hata akizungumza.

Jumanne, 2 Aprili

Sijarekodi.

Alhamisi, 4 Aprili

Bwana Kimya ametoa toleo jipya. Barua ndefu. Ameandika kwamba badiliko moja limetokana na mchangiaji mmoja, hakunitaja. Watu watatu wameshalalamika. Sijarekodi.

Jumamosi, 6 Aprili

Binti yangu yuko chumba cha pili, amefungua ukurasa wa tiketi. Pasi yangu ni halali, ameiangalia. Kila baada ya muda anaita: Baba, niweke tarehe gani? Kuondoka asubuhi au jioni? Dirishani au pembeni? Ana furaha. Hajawahi kuiona ile nyumba.

Nayaandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Mama alikuja na taulo begani. Mizigo yangu ilikuwa mlangoni, imefungwa. Nilimwambia nitakaa huko mwaka mmoja, mambo ya siasa yakitulia nirudi, na nilikuwa naamini. Akasimama nyuma yangu, akamsikiliza mdogo wangu kidogo, akasema, bila hasira, bila kulia, kama mtu anayesema maji yamechemka: "Mpigie vizuri. Huyu harudi."

Mdogo wangu hakusikia. Nilisikia mimi, na ile kanda.

Miaka arobaini na moja sikuicheza. Nilijisemea sina mashine. Mashine ilikuwa ghorofa ya chini.

Na juzijuzi niliandika humu kwamba ni ugonjwa wa kazi, kwamba sikuona maneno. Si kweli, au si kweli yote. Nililiona lile doa lake kwenye picha. Lilikuwa dogo, la rangi ya machungwa, lina mkia. Nililijua. Nilisimamisha kifutio juu yake, nikakumbuka nimeshafuta mbwa na mlango, na mkono ukapita. Tena nilijisikia vyema, kama ukurasa umekaa sawa.

Naweza kusema "punguza, watu wamelala." Mdogo wangu anaamini hivyo, atafurahi, pengo litajaa, na wageni wa mbali watamsikia mama yetu akisema neno ambalo hakulisema. Naweza kusema lile alilolisema. Basi mdogo wangu ajue kwamba alimpigia kodiani yake ya mwisho mtu asiyerudi, na mama alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Kipaza sauti kiko mezani. Nimeshabonyeza. Taa nyekundu inawaka, mstari unakwenda, unaruka kidogo kalamu inapokwaruza karatasi. Bado sijasema kitu.

Binti yangu anaita tena. Tarehe gani, Baba?

Najibu kwa sauti, na mstari unaruka: sitarudi kwetu.