Mzigo Nilioutua Kati ya Supu na Nyama

Jikoni, Nyumba ya Wageni,
Uwanja wa Ndege, Tabora.
Jumapili, 16 Septemba 1956.

Kwa Babu yangu mpenzi, Mzee Jilala, Kwihara.

Shikamoo Babu. Shikamoo tena, na hii ya pili ni ya miezi yote ambayo sikukuandikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la kushoto limetulia na kile kikohozi kimeshakwenda zake. Mke wangu Bibi Minza hajambo? Mwambie mume wake kijana bado yupo hai na anamkumbuka, asikubali kudanganywa na huyo mzee anayekaa naye. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula mpaka natamani waugue kidogo. Mama yao, Eustadia, anakusalimu sana, ila ana hasira, na chanzo chake utakisikia.

Na wewe Josepha dada yangu, unayemsomea Babu, soma polepole, usirukeruke mistari kama ilivyo tabia yako. Ukifika pale nilipochora msalaba, watoe watu wote nje abaki Babu peke yake. Wewe mwenyewe ningekutoa pia kama pangekuwa na mwingine anayejua kusoma.

Babu, unajua kwamba mimi ni mpishi wa kampuni ya ndege. Marubani wakilala Tabora wanalala hapa kwetu na wanakula mkono wangu. Huu ni mwaka wa saba, na mshahara ni shilingi sitini zilezile nilizoanza nazo. Kila Januari naomba nyongeza, kila Januari naambiwa ningoje mwakani. Safari hii Eustadia amekata shauri. Amesema Januari ikinikuta na sitini, yeye anachukua watoto anarudi kwa mama yake Nzega, na mimi nibaki nijipikie, maana ndiyo kazi ninayoijua.

Sasa sikia ajabu. Kumbe hata marubani wanaambiwa wangoje mwakani! Yupo mmoja anaitwa Kapteni Makei, jitu jekundu lenye masharubu, yeye na msaidizi wake hulala hapa kila wiki. Walikuwa wakila chakula changu huku wakiilaani kampuni. Miaka miwili wanadai mshahara uongezwe, na Meneja aliyeko Nairobi anawajibu kwa barua ndefu zisizo na kitu ndani. Mimi nilidhani mtu anayepanda juu ya mawingu hana shida ya mshahara. Niliwahurumia, Babu, nikawaongezea viazi.

Jioni moja ya mwezi uliopita nilikuwa naondoa sahani, Kapteni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kabla ya ndege watu wa huku mizigo waliifikishaje pwani. Nikasema liulizwe bega la babu yangu, kirangozi aliyeongoza msafara wa wapagazi. Akauliza kama mlilipwa vizuri. Babu, mdomo wangu unaujua. Nikavuta kiti, nikampa hadithi yako ya pori la Mgunda Mkali yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikamweleza mlivyotoka na watu arobaini na pembe za ndovu, na tajiri wenu amekataa kuongeza hata kipande cha nguo. Wenzako wakataka kutua mizigo hapahapa Tabora, ukawakatalia, ukawaambia hapa atapata wapagazi wengine kabla ya saa saba. Na pwani je? Pwani atakuwa ameshapata mali yake, atawacheka. Basi mkanyamaza, mkaimba, mkatembea kama watu walioridhika, mpaka katikati ya Mgunda Mkali, nyuma siku nyingi na mbele siku nyingi, na maji unayajua wewe tu. Hapo mkazitua pembe mkazikalia. Tajiri akatoka hemani, akauliza haya, mnataka ngapi. Halafu nikaingia kwenye ule wimbo wenu wa kurudi nyumbani na nguo. Niliuimba wote, Babu, na Kapteni akaujifunza. Mengine aliyaandika kwenye kijitabu. Kabla ya kwenda kulala akauliza garimoshi la Dar es Salaam linaondoka siku zipi, nikamtajia. Nilidhani ana mzigo wa kutuma. Mjinga mimi!

Jumatatu iliyopita ndege ikatua kutoka Mwanza, na nani akashuka? Meneja mwenyewe wa Nairobi, kajitu kafupi kamekumbatia mkoba. Alikuwa na mkutano wa wakubwa Dar es Salaam Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa napeleka chai uwanjani. Kapteni na msaidizi wake wakashuka, wakavua kofia, wakaburura mikoba yao hadi chini ya bawa la ndege, kivulini, wakaikalia. Mkao ule niliutambua mara moja. Sinia ikainama, vikombe viwili vikaenda chini.

Meneja akawaambia warushe ndege waondoke. Wakasema hawaondoki mpaka asaini nyongeza. Akasema ataita marubani wengine, akakimbilia simu, akaambiwa Nairobi nao wamekalia mikoba. Akauliza garimoshi. Lilikuwa limeondoka asubuhi ileile, jingine Alhamisi. Akamwita Modest, dereva wetu, amwendeshe hadi Dar es Salaam kwa gari. Modest akamwambia inawezekana kabisa, watafika Ijumaa, Mungu akipenda na springi zikikubali. Meneja akakaa kwenye ngazi, akaila kofia yake kwa meno. Sitii chumvi.

Alasiri akaingia jikoni. Nikajua leo kibarua kimeota nyasi. Kumbe ameambiwa kwamba wale chini ya bawa wanaimba Kinyamwezi, na akataka mwenyeji amweleze, zamani wapagazi wakigoma matajiri walifanyaje. Hofu ikanishika, nikajibu haraka kwamba tajiri alichinja ng'ombe, watu wakala, halafu akawapa haki yao. Akasema ng'ombe ni ghali. Akamtuma Modest akanunue mbuzi. Babu, mbuzi yule alikuwa na pembe kuliko nyama! Nilimpika kadiri ya uwezo wangu. Marubani wakamla, wakafuta masharubu, wakamshukuru Meneja kwa adabu, wakarudi kuikalia mikoba.

Jumanne saa tano akasaini. Alisaini nyuma ya karatasi yangu ya mahitaji ya sokoni, maana zake zote alizimaliza kwa kupiga hesabu. Wakapeana mikono, wakapigana mabega, ikaamriwa chakula kikubwa cha mchana kabla ndege haijaondoka saa nane. Watu kumi na wawili mezani, pamoja na wakubwa wa uwanja. Supu ya kuku, kisha nyama na viazi, kisha matunda.

✝

Josepha, watu watoke. Wametoka? Funga mlango.

Babu, nisamehe. Kwanza, nilitoa siri ya ukoo kwa wageni, tena bure, tena na wimbo juu. Pili, siku hiyohiyo niliitumia mwenyewe.

Niliwaona wale wamekaa siku moja na nusu, wameamka na mshahara. Mimi nimesimama miaka saba! Nikajiambia, Dionis, wewe ndiye mjukuu wa Jilala au yule mwenye masharubu? Nikafikiri sana kuhusu mahali. Kabla ya supu, wangenifukuza wakafungua makopo. Baada ya nyama, wangenicheka. Basi nikapeleka supu, tena nzuri, yenye kuamsha njaa. Sahani zilipotoka tupu nikafunika sufuria ya nyama, nikavua aproni, nikaikunja mara nne, nikaiweka juu ya kifuniko, nikakaa.

Kengele ya mezani ikalia. Ikalia tena. Alois anayepeleka sahani akaja, akaniona, akarudi mbio bila kuuliza. Halafu akaja Kapteni Makei. Nilifurahi, Babu, nilijua mwanafunzi wangu atanikumbatia. Akaelewa palepale, akazidi kuwa mwekundu, akasema hii si adabu, watu wana njaa, kila jambo lina wakati wake, kwa nini nisingoje Januari. Januari! Nilitaka kulia. Sikuinuka.

Mwisho akaja Meneja, kitambaa cha kulia bado kinaning'inia shingoni. Akanitazama, akaitazama sufuria, akanusa. Hakukasirika hata kidogo. Akaniuliza haya, nataka nyongeza kiasi gani.

Babu, hapo ndipo nilipokwama. Kila kitu nilikuwa nimekipanga, supu, nyama, saa ya ndege, mpaka namna ya kukunja aproni. Idadi sikuwa nayo. Kwenye hadithi yako idadi haimo! Umenisimulia mara mia, na kila mara tajiri akishauliza mnataka ngapi, wewe unakohoa, unamwomba Bibi Minza tumbaku, na ukirudi watu wameshaanza kuimba. Nami nimekaa pale, moto unapanda kutoka chini, harufu ya nyama inanizunguka, wakubwa kumi na wawili wana njaa, na mdomo ukasema wenyewe, shilingi tatu.

Meneja alikubali kabla sijaufunga mdomo. Akanishika mkono, akachukua uma, akafunua sufuria mwenyewe. Nikasikia wanacheka mezani. Modest, aliyempeleka hadi kwenye ndege, anasema alimsikia akimwambia Kapteni kwamba alikuja jikoni tayari kutoa thelathini.

Basi sasa ninapata sitini na tatu. Nilipomweleza Eustadia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta machozi akaniuliza, na Babu siku ile alitaja ngapi? Ameniambia nikuandikie leo hiihii, na uamuzi wake ni huu. Kama wewe nawe ulitaja kidogo, basi ni ugonjwa wa ukoo, aliolewa nao na hana wa kumlaumu, atabaki. Kama ulitaja nyingi, basi ujinga ni wangu peke yangu, na Januari anakwenda Nzega.

Kwa hiyo Babu, nakuomba kwa magoti yote mawili. Pale Mgunda Mkali, tajiri alipotoka hemani akauliza, ulitaja doti ngapi za nguo? Mwambie Josepha aandike. Tumbaku nimemkabidhi Modest akuletee pamoja na sukari ya Bibi, ili usipate sababu ya kuondoka katikati ya swali.

Na kama zilikuwa nyingi, Babu yangu, tafadhali zipunguze kabla Josepha hajashika kalamu.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na majirani, na hata yule jogoo wa Bibi asiyenipenda. Josepha, wafungulie mlango, na ukimsimulia mtu nitajua ni wewe. Mungu akulinde Babu, akupe nguvu za goti na kumbukumbu fupi.

Ni mimi mjukuu wako mtiifu, mwenye shilingi tatu,

Dionis Raymundi Jilala