Tumekuwa Mji Mmoja

Baba Watoto,

Huku hatujambo, ila cherehani imeanza tena kukata uzi. Salamu ni hizo hizo, sina nyingine.

Siku unabeba godoro ulisema huwezi kuishi mji mmoja na mimi, ukahamia mji wa jirani. Haya. Sasa redio haiishi kubishana kama miji hii miwili imeshakuwa jiji moja. Wabishane nini? Uwanja uliotutenganisha umejaa gereji, na kibao cha mpakani kimeng'olewa. Shemeji yako, fundi wa kuchomelea, amekifanya mlango wa banda la kuku: nje "Karibu", ndani "Safari Njema". Hata kuku wamechanganyikiwa.

Kumbe umerudi bila hata kufungasha! Ningecheka, lakini binti yako mdogo alisikiliza ile redio, akaniuliza, "Kwa hiyo baba yuko mjini?" Nikamjibu ndiyo, maana ningesemaje? Tangu hapo hataki mtu akalie kiti chako. Nimemgombeza mpaka sauti imekauka.

Njoo umwambie mwenyewe kwamba jiji ni kubwa. Mimi nimeshindwa.

Mkazi mwenzako,
Mama Watoto