Mwalimu Amenuna

Jumatatu, 6 Julai 2020

Nimeletewa mwalimu wa mazoezi nimlee. Eliana, miaka ishirini na moja, andalio la somo limepigwa rula hadi linang'aa. "Shikamoo Madam." Marahaba. Nimempa darasa la kwanza — watoto themanini na mbili, miezi mitatu nyumbani wakipura alizeti, wamesahau hata wanapokaa. Karibu kwenye wito!

Sharti langu moja: darasani kwangu barakoa haishuki. Watoto tumewasamehe, wanazitafuna. Mtu mzima, hapana. Nina pumu. Dada Jesca naye alikuwa nayo. Tulimzika Mei, watu wachache, haraka haraka. Naogopa. Basi, nimesema.

Jumatano, 8 Julai

Leo sauti ya "m". Eliana anatamka vizuri tu, kitambaa kinaimeza. "Mama," anasema. "Nana!" wanajibu, kwa furaha kabisa.

Kaniomba aishushe barakoa kidogo, waone midomo. Nimemwambia mwalimu bora ni mbunifu. Hilo nililipata semina, pamoja na maandazi mawili.

Ijumaa, 10 Julai

Ubunifu umefika! Kachora midomo myekundu juu ya barakoa, imefumbwa. "Mmm!" darasa zima, safi. Nikajiona bingwa wa malezi. Tukaingia sauti ya "a" — midomo imefumbwa vilevile. Paskali wa dawati la mbele kanyoosha kidole: mbona mwalimu amenuna?

Na mkufunzi wake kutoka chuoni kachagua dakika hiyohiyo kuingia. Kajaza fomu: "Hajamudu." Anarudi Jumatatu. Akikuta hivyo tena, binti anarudia mwaka mzima.

Angesema tu, "Ni Madam aliyenikataza." Hakusema! Kaenda kulia chooni, karudi macho mekundu, kanisaidia kusahihisha madaftari. Heri angenitukana. Nimeona aibu, mimi na miaka yangu thelathini ya chaki.

Jumatatu, 13 Julai

Saa nne. Niko nyuma ya darasa. Mkufunzi yuko pembeni yangu, anadhani naandika tathmini. Barakoa yake iko kidevuni, inakinga ndevu.

Eliana kavaa nyeupe, haina mchoro. "Mama." "Nana!" Mkufunzi kafungua kalamu. Eliana ananitazama mimi, siyo yeye. Mkono uko kwenye kamba ya sikio.

Jamani!

Nimefungua dirisha. Nimemwitikia kwa kichwa.

Kaivua. Kisha Paskali: "Kumbe mwalimu ana meno!" Wamecheka hadi wamechoka. Halafu wakamtazama mdomo, wakafumba midomo yao — "Mama!" Wote. Hadi mwili umenisisimka, mzee mzima.

Mkufunzi anaandika. Anaandika sana. Sasa kaniinamia anionyeshe alama, anatabasamu — na kabla ya kusema neno, kakohoa. Kavukavu, mara tatu.

Nimesogea mpaka ukutani. Naye kasogea, ili nimsikie vizuri.