Tofali Lililokauka

Jumatatu, 7 Septemba 1936

Nimeteka maji, nimefagia, nimeosha vibuyu vya maziwa. Halafu Baba kaniita uani tena, "Kabula!" Tangu nimalize shule ya misheni, kila mgeni akija naitwa nisome kitu. Naona haya. Leo ilikuwa kazi ya kweli: Bibi atajengewa nyumba ya matofali ya kuchoma. Futi kumi na mbili kwa nane, ukuta futi saba kwenda juu. Masanja, jirani yetu, ndiye atakayefyatua; nilipima kwa rula kibao chake, kisanduku cha mbao cha kufyatulia. Nikatoa mlango, nikaacha nafasi ya udongo wa kuungia, nikaongeza hamsini ya kuvunjika. Mia saba na ishirini. Baba hakuniuliza mara mbili.

Jumapili, 20 Septemba

Vichuguu vya karibu, vyenye udongo mzuri wa matofali, vimekwisha. Masanja anafyatua kando ya lambo, kwa udongo mweusi wa mbuga. Anahesabu kwa kokoto, moja kwa kila matofali kumi. Nilimpelekea uji, nikauweka chini, nikakimbia.

Nyumba ya zamani ya Bibi imebomolewa. Miti yake itakuwa kuni za tanuri. Bibi analala jikoni kwetu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Matofali yameisha. Ukuta umefika usawa wa macho ya Baba, basi. Lambo limekauka, hakuna kufyatua tena mpaka mvua. Na mvua ikija, Bibi hana nyumba.

Majirani waliokuja kusaidia walianza kunong'ona. Eti mfanyabiashara wa barabarani anajenga duka, matofali yametembea hadi kwake. Baba akamuuliza Masanja mbele yao wote mengine yako wapi.

"Baba Kabula, nimekuletea hesabu uliyonipa. Kokoto zangu hizi hapa."

"Binti yangu kasoma vitabu. Wewe umesoma kokoto."

Watu walicheka. Baba alinitazama kwa fahari, nami nikatabasamu. Masanja akachukua kibao chake akaenda.

Kwa nini nilitabasamu?

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimepima tofali lililobaki, lenye ufa. Inchi kumi na moja. Kibao ni kumi na mbili. Nimepima vipande vya mengine. Hata unene umepungua.

Udongo wa mbuga hunywea ukikauka. Nani hajui? Kiangazi ardhi yenyewe hupasuka hadi mguu wa ndama unazama. Mimi nilipima kibao. Sikupima tofali.

Masanja hakuiba. Ni mimi.

Sijasema.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani niliungama uvivu. Uvivu! Mama yake Masanja alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Bibi kakohoa ibada nzima kwa moshi wa jikoni kwetu.

Nasikia Masanja anakwenda Geita, kwenye dhahabu. Hapa hakuna atakayempa kazi tena.

Fimbo ya Baba siiogopi. Naogopa asinitazame tena vile.

Jumanne, 13 Oktoba

Nilimwambia Baba asubuhi, akifungua zizi. Aliwatoa ng'ombe wote, kisha akasema:

"Nilimtukana mbele ya watu. Nitakwenda kwa miguu yangu. Wewe tangulia."

Nilitangulia na tofali kichwani. Nilimwambia Masanja kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ningekuwa kama ninajificha darasani. Yeye alilichukua tofali, akalitia ndani ya kibao chake, akatikisa. Likagonga huku na huku. Alitikisa tena, kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema. "Na mimi sikuona."

Afadhali angenitukana.

Baba alifika, akaomba radhi. Mama yake Masanja alikuwa anapepeta mtama, akauliza bila kuacha:

"Na waliocheka, Baba Kabula? Hao utawaleta lini?"

Jioni Baba aliwaita pale ukutani, akasema yote kwa kinywa chake, nami nimesimama kando. Walikuja wachache kuliko siku ile.

Ijumaa, 16 Oktoba

Masanja kaondoka hata hivyo. Alisema neno likishatembea halirudi zizini. Kibao katuachia. Hakuniaga, nami sikustahili kuagwa.

Baba ameamua kuezeka pale pale ukuta ulipoishia, na mlango ukatwe mfupi. Alinipa rula nipime. Nilipima, akapima na yeye nyuma yangu.

Jumamosi, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Paa halivuji. Habari za Geita hakuna.

Baba alipeleka kuni kwa Bibi. Mlangoni aliinama sana, kama anayeingia bandani, na mgongo wake ukalowa. Bibi alimfuata. Yeye mgongo wake ulipinda zamani. Alipita vile vile alivyo.

Nimekifuta kibao, nimekiweka darini kisilowe.