Kiwele cha Kanini

Mama Mwende,

Bado niko, kama hujaambiwa. Nadhani ulitangulia makusudi, ili mimi, mzee mzima na mvi zangu, nibaki nimepiga magoti nyuma ya kondoo nikipapasa viwele, kazi niliyokuwa nikiita ya wanawake. Majirani wakipita wanakohoa. Wacha wakohoe.

Sina habari njema ya kuanzia. Yule kondoo mweupe aliyezaa mara ya kwanza mvua zilipoanza, alikufa. Alikuwa akimpiga mtoto wake teke kila akitaka kunyonya, nami nikamtukana, nikasema ni mama mvivu. Kumbe anaumia. Nilipokuja kumshika, kiwele kilikuwa baridi na kimegeuka bluu. Wewe ulikuwa ukiniambia, "Kondoo hasemi, mguse." Nami nakujibu, hata mimi sisemi, mbona siguswi?

Sasa ni Kanini, yule uliyemlea jikoni kwa chupa. Amezaa uzao wake wa kwanza. Juzi nikamwona anatembea miguu ya nyuma imeachana, mtoto analia. Safari hii sikutukana mtu. Nikashika: upande wa kushoto ni moto, mgumu kama kiazi kibichi, na maziwa yana madonge. Daktari wa mifugo akaja na pikipiki, akamdunga sindano. Akasema huo upande niukamue mara kwa mara, maziwa nimwage mbali, ninawe mikono kabla sijashika mwingine, na pahali pa kulala pawe pakavu. Nimefanya yote. Lakini kukaa siwezi. Nakunywa chai nusu, naenda bomani, narudi imepoa, naenda tena.

Mwende wako amekuja kutoka Syokimau na maneno yake. "Baba, peleka huyo soko ya Kithimani kabla hajakufia."

Nikamuuliza, ako na dawa mwilini, nilishe watu sindano? Tena kuuza mama wa uzao wa kwanza ni kama kurudisha bibi harusi kwao kwa sababu ameunguza ugali. Wako uliungua mpaka sufuria. Nilikurudisha?

Mwende akachukua panga, akaenda kukata nyasi.

Leo asubuhi upande wa kulia ni laini, na mtoto amenyonya huku mkia unacheza. Wa kushoto sijui. Mtoto akishaacha kunyonya nitaushika tena, na donge likibaki, Kanini ataenda, na mnunuzi nitamwambia ukweli. Nitaumia, lakini nitamwambia. Wale mama wengine waliokondeshwa tu na kunyonyesha, ambao nilikuwa na haraka ya kuwauza, hao nimewatenga niwalishe vizuri. Hawana kosa.

Hiyo ndiyo ahadi yangu: hakuna mama mchanga atatoka boma hili kabla sijamshika kwa mikono yangu mwenyewe.

Pumzika, mke wangu. Usizoeane sana na wazee wa huko. Mimi nitakawia kidogo kuja. Kuna mmoja hapa bado ananyonyesha.

Baba Mwende