Kule Lweba Balikungojea

Baba,

Misa ya kumaliza kilio yako ni kesho kutwa, Siku ya Mungu. Padri aliniita ku bureau yake, akaniomba nisimame mbele ya batu nishuhudie kama wewe, mukatekista wa Lweba, haukukosaka hata Siku ya Mungu moja. Benzako baliacha ile kazi juu haina mushahara. Mumoja anaendesha moto, pikipiki ya kubeba batu, hapa Baraka, mwingine alienda kuchimba zahabu Lulimba. Padri anasema ulibakia peke yako. Nilimwitikia. Ile siku nilikuwa sijafika bado Lweba.

Acha nikuelezee. Ku kilio, batu ba Lweba habakukuya. Hata mumoja. Miaka yote ile ulikuwa unaamuka na giza, unapanda kinga, ile baiskeli yako, unanyonga mupaka kwao kubaongoza sala, na bao bakashindwa kuya kukuzika! Mwenye kukuya ni mwenye mutumbwi mumoja wa Swima, kijiji ya bavuvi, na beseni ya samaki ndagala ku kichwa, analia sawa mutoto. Alisema, "Sasa nani atatushonea nyavu Siku ya Mungu?" Nilizani huzuni imemuvuruga kichwa.

Basi nikaenda Lweba na hasira, nibaambie kama habana shukrani. Kanisa ilikuwa imefungwa, majani imefika ku mulango. Jirani akanipeleka kwa Mama Nyota, ule mukubwa wa shirika ya bakristu ulikuwa unasifu sauti yake. Nikaanza kumugombeza. Akanivutia kiti. Kisha akaniuliza pole pole, "Mwanangu, baba yako alikufa?"

Hakujua. Habakujua, Baba. Tangu mvua ya mwaka jana habakukuona. Balizani miguu imekulemea, bakaona haya kukusumbua. Mwanzo balikungojea, banaimba kila wimbo banajua, mupaka jua inakuwa kali, banarudi. Kisha bamama bakaanza kwenda kulimia batu mashamba Siku ya Mungu, juu hata bao banakula. Mama Nyota alibakia anafungua mulango peke yake. Siku moja hakufungua tena.

Kumbe wewe ulikuwa Swima, unashona nyavu.

Na ile samaki! Ulikuwa unarudi mangaribi, unaweka mufuko ku meza, unasema, "Bakristu ba Lweba banabasalimia." Tulikuwa tunapiga magoti, tunabaombea. Mi niliombea batu ulibaacha, na samaki ya Swima inachemuka ku chungu. Sikatae, nilikula. Tena siku moja nilinung'unika kama bakristu bako banatoa kidogo.

Sikasirike juu ulishona nyavu. Njala ilikuwa mu nyumba, mi ndiye nilikuwa napima unga. Nimekasirika juu ya meza yangu ya mandazi. Nilikuwa nauzisha mandazi ku parkingi ya moto, na Siku ya Mungu ndiyo ilikuwa inatoka zaidi. Ulikuya mbele ya batu bote, ukamwaga mafuta chini, ukasema, "Siku ya Bwana haiuzishwe." Bamotari balicheka. Mi niliacha juu nilikuheshimu, na batoto bangu balilala na uji wa chumvi. Ungeniacha niuzishe, mandazi ingetulisha, na wewe ungeenda Lweba. Ungesema tu, "Riziki, nimeshindwa." Mi mutoto wako, siko mugeni. Lakini uliona afazali Lweba ingoje kuliko mi nijue. Ulinifungia njia, kisha ukapita mule mule kimya kimya.

Yaya, mutoto wako wa kwanza, anasema marehemu hasemwi vibaya. Nisimame, niseme maneno mazuri, nikae. Siwezi. Mama Nyota alisema atakuya ku misa, hata kwa miguu. Nitasema aje kama haukukosaka, na yeye ananiangalia?

Nitasema hivi: baba yangu alitumikia Mungu miaka mingi bila kulipwa, kisha njala ikamushinda, akaona haya kusema, na Lweba ikabakia bila mutu. Nitabaomba musamaha mbele ya bote, juu wewe hauwezi tena. Padri akinuna, anune. Yaya asiponisemesha, nitazoea.

Jana usiku nililia juu yako kwa mara ya kwanza tangu nitoke Lweba. Nilikumbuka vidole vyako, vile vilikuwa vimepasuka, na ulituambia ni baridi ya njia. Nilivipaka mafuta mimi mwenyewe. Sikuuliza.

Lala, Baba. Batu ba Lweba bakikusamehe kesho kutwa, ni bao. Mi bado. Siku nitaweza, nitakuya mwenyewe ku kaburi lako, nikuambie kwa sauti.

Mutoto wako,
Riziki