Eda ya Majarubani

Majarubani, kaskazini ya Saadani
4 Agosti 2024

Somo yangu Bi Tatu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai magoti yamekupa nafuu na huko Bagamoyo mnaamka salama. Mimi naamka tu, zaidi ya hapo sina zuri la kusema. Simu yangu imeliwa na chumvi, ndiyo maana naandika, na unajua niliishia darasa la tano. Barua anaichukua Bwanausi, dereva wa lori la chumvi. Akifika Msata humpa konda wa gari la Bagamoyo.

Somo, nilipovunja ungo wewe ndiye uliyenifunda. Ulinifundisha kujisinga, kujifukiza na kujitwahirisha, basi sina mwingine wa kumuuliza haya. Mume wangu Kibwana tulimzika hukuhuku, pembeni ya majaruba tunamokaushia chumvi, maana gari la kumleta nyumbani halikupatikana. Matanga hayajaisha nikashika reki, nikarudi kukwangua chumvi. Sikukaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane. Ningekaa wapi, na ningekula nini?

Juzi Wahida, ninayelala naye chumba kimoja, kanitazama miguu akasema, "Hajra, nyufa zako zinaingia kidole. Paka mafuta, mwanamke!"

Nikamwambia nina eda.

Akacheka. "Eda gani ya mwaka wa pili?" Kisha cheko likamwishia. "Lakini kweli, hukuikalia. Pengine bado unayo."

Neno hilo limenikaa kifuani, kwa sababu ndilo ninaloliogopa siku zote. Sipaki mafuta, sitii wanja, kanga ni ileile iliyopauka. Kulia silii. Nikisujudu sina dua, naweka paji la uso chini kama mtu aliyetua mzigo ili aupandishe tena. Niambie, somo, mtu hutolewaje kwenye eda ambayo hakuikalia?

Mwali wako,
Hajra


Bagamoyo
21 Agosti 2024

Mwanangu Hajra,

Waaleikum salaam, na marahaba. Magoti ni yaleyale, yananiamsha kabla ya muadhini. Macho nayo yameanza vituko, kwa hiyo barua yako kanisomea jirani yangu Fatu, na hii anaiandika yeye, mimi nasema. Hapa penye doa ni machozi yake, si yangu. Mimi nililia pembeni.

Huyo Wahida ni mwanachuoni wa chuo gani? Eda huisha yenyewe siku zake zikipita, umekaa kitako au umesimama jarubani. Na mjane asiye na wa kumlisha akitoka kutafuta riziki, hana kosa. Nimemuuliza hata maalim wetu, kasema hivyohivyo. Tena hata mwenye eda, nani kamkataza kupaka mafuta ya nazi matupu kwenye kidonda? Umejikatia hukumu mwenyewe na umejifunga mwenyewe.

Utaniambia unasubiri. Mwanangu, subira si kukauka juani. Bibi Hajra, mwenye jina lako, alipobaki jangwani na mtoto ana kiu, hakukaa akanyamaza. Alikimbia kilima hadi kilima, anahema, jasho linamtoka, na Mwenyezi Mungu hakumwambia apunguze kelele. Mwili huo ni amana. Utaulizwa umeufanya nini.

Njoo Ijumaa ya tarehe 27 Septemba. Ni Mfungo Sita, wanawake tuna maulidi hapa kwangu. Tutakukogesha, nitakusinga kwa mkono wangu, utafukizwa udi, utavaa kanga mpya na tutakuombea. Eda haidai hayo. Ni kwa sababu hakuna aliyekufanyia.

Kichupa kinachokuja na barua hii ni mafuta ya nazi, nimeyapika mwenyewe. Paka leo.

Somo yako,
Tatu


Majarubani
8 Septemba 2024

Somo yangu,

Shikamoo, na salamu zangu kwa Fatu. Mimi mzima wa mwili, isipokuwa miguu. Barua yako nimeisoma nimejificha nyuma ya viroba, Wahida asije akaniuliza.

Nimemwomba ruhusa msimamizi, Ashrafu. Kasema, "Ijumaa Bagamoyo? Unakwenda kuolewa?" Wanaume wakaangua kicheko. Nikawaambia nakwenda kuoga. Wakacheka zaidi, lakini ruhusa nimepata.

Mafuta sijapaka. Nilifungua kichupa, nikanusa, nikaiona nyumba yako, nikakifunga. Nitakueleza ukweli. Kila jioni nikitua karai napita kwa Kibwana. Namwambia jaruba lipi limekauka vizuri, nani kagombana na nani. Nanuka chumvi kama alivyoniacha. Sijui nitapitaje pale nanukia udi.

Lakini nitakuja. Nimesema nitakuja.

Mwali wako,
Hajra


Bagamoyo
29 Septemba 2024

Hajra mwanangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Leo swali hilo si la desturi, nataka jibu.

Ijumaa tulikungoja tangu asubuhi. Maji yalichemshwa yakapoa, yakachemshwa tena. Singo la kukusugua mwili nililoliponda limekauka kwenye bakuli. Kila gari likisimama Fatu anachungulia. Maulidi yakasomwa, watu wakala wakaondoka, na mimi nikabaki kibarazani hadi adhana ya isha. Fatu anasema uambiwe paja lako la kuku kalila yeye, na halikuwa na ladha.

Nilikuwa na hasira, zimekwisha. Sasa nina hofu. Kama nimekuvuta kwa nguvu, nisamehe. Niandikie hata neno moja nijue uko hai.

Somo yako,
Tatu


Majarubani
20 Oktoba 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Niko hai. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa sijui niandike nini.

Ile Ijumaa nilikuja, somo. Bwanausi alinipitisha Miono na kunishusha Msata. Nikapata kiti kwenye gari la Bagamoyo, dirishani. Akaja kukaa nami mama mmoja, kavaa vizuri, ananukia. Akanisalimu, akaniuliza, "Unatoka wapi, dada?"

Nikajibu, "Kwa mume wangu."

Lilitoka lenyewe. Akaniuliza narudi lini. Nikasema, "Leo."

Nikashuka. Nikavuka barabara, nikakaa chini nikingoja lori lolote linalorudi huku. Nilijua maji yanachemka kwako. Nilijua, na sikuweza kuinuka. Nyinyi mngenikogesha, mngeniambia yamekwisha, nami ningerudi hapa kuwa nani? Hapa ni mke wa Kibwana. Bagamoyo ningekuwa mjane.

Sasa vuli imeanza. Majaruba yanajaa maji ya mvua, wenzangu wanafunga mizigo, Wahida keshaondoka. Kaburi limeanza kutitia upande wa miguu. Nalijazia mchanga kwa karai, mvua inauchukua, najaza tena. Nikiondoka, nani atajaza?

Jana baada ya alasiri nilikaa pale pembeni yake, nikafungua kichupa. Nilipaka mguu wa kulia. Uliwaka kama moto, kisha ukatulia, nikauona ni mguu wa mtu. Nikangoja machozi, hayakuja. Nikasema, "Ya Rabbi," nikatafuta la kuongeza, sikulipata.

Usichemshe maji tena, somo. Niombee tu.

Kichupa nimekifunga, kipo chini ya mto wangu. Mguu wa kushoto sikuuweza.

Mwali wako,
Hajra